Siku za Kupumzisha Mwili

Saa moja asubuhi mikate ya kwanza ilikuwa imeshatoka tanurini. Wateja walijipanga dirishani, kila mmoja akinusa hewa kabla hata ya kutoa salamu. Ndani ya bekari, mwokaji alishika trei ya moto kwa mikono mitupu, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka gazeti.

"Wewe si binadamu," Bonge alimwambia.

Bonge ndiye aliyekuwa akikanda unga. Alikuwa mwembamba kama ufito. Jina lile alipewa kwa utani, likamganda.

"Mimi nikiigusa hiyo naona nyota mchana," alisema.

Mwokaji alicheka, akamwonyesha viganja vyake. Vilikuwa vimejaa sugu, tangu ncha za vidole hadi karibu na kifundo cha mkono. "Miaka kumi na miwili, bwana. Mwanzoni na mimi nililia kama wewe. Sasa mimi na moto tunaheshimiana."

Alitaka kucheka tena, lakini kikohozi kilimkatiza. Aligeukia ukutani haraka, akakohoa kwenye kiwiko. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, cha kumtoa mtu machozi.

Bonge aliacha kukanda. "Baba Kitinda, si ulisema kifua kimepona?"

"Vumbi la unga tu hili."

"Unga huu huu wa miaka kumi na miwili?"

Mwokaji alichukua trei nyingine.

Miezi mitano kabla ya siku hiyo, mwokaji alipimwa akaonekana ana kifua kikuu. Alipewa dawa za miezi sita, vidonge vinne kila siku. Baada ya miezi miwili kikohozi kilikwisha. Mwili ulirudi, suruali zikaacha kumvuka. Kliniki walimwambia hawezi tena kumwambukiza mtu, ila aendelee na dawa mpaka mwisho. Akarudi kazini. Sasa ulibaki mwezi mmoja tu.

Nyumbani alikuwa na mkewe na binti yao wa miaka minne. Walimwita Kitinda kwa sababu alikuja mwisho, wakati kaka na dada zake walikuwa wameshahama nyumbani. Baba alipoanza dawa, Kitinda naye alipimwa. Alionekana mzima, akapewa dawa ya kinga ya miezi mitatu. Mama yake alihakikisha amezimaliza zote.

Kwa hiyo Kitinda alipoanza kukohoa, mama alijiambia ni mafua. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili ikapita. Wiki ya tatu mtoto aliacha kucheza na mpira wake. Alikuwa anakaa kizingitini na kuwaangalia wenzake. Jioni mwili ulikuwa wa moto. Mama alipomvalisha gauni la njano, aliona limekuwa kubwa. Gauni halikui, alijua hilo.

Mchana ule alitaka kumlambisha mtoto asali. Alipanda kiti, akapapasa juu ya kabati. Mkono wake uligusa kopo la hamira. Alilisogeza pembeni. Likagonga ndani, kacha-kacha.

Mama alisimama vilevile juu ya kiti. Hamira ni unga. Hamira haigongi.

Alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na vidonge, vyekundu kama tofali. Alivitambua mara moja.

*

Mwokaji aliporudi alikuta kopo liko katikati ya meza, limefunguliwa. Mkewe alikuwa amekaa nyuma yake, mikono magotini.

"Karibu," alisema. "Nimehesabu mara mbili. Ni mia moja sitini na vinne."

Mwokaji aliketi bila kuvua kofia.

"Ukigawanya kwa vinne ni siku arobaini na moja," mkewe aliendelea. "Mimi nakuuliza kila jioni: umemeza? Unaniambia: nimemeza kazini, na chai. Siku arobaini na moja, Baba Kitinda. Ulikuwa unameza nini na hiyo chai?"

"Sikuacha dawa, Mama Kitinda. Nisikilize kwanza. Sikuacha. Nilikuwa naupumzisha mwili."

"Unaupumzisha?"

"Mwezi wa tatu nilipumzika Jumamosi na Jumapili tu. Baadaye nikaona nina nguvu, nikawa nameza wiki moja, napumzika wiki moja. Kwa mpango. Sikufanya ovyo. Dawa ukimeza kila siku mwili unaota sugu, dawa haiingii tena. Nilitaka nimalize vizuri."

Mke alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa jibu hili hakuwa amejiandaa.

Chumbani Kitinda alikohoa. Wote wawili waligeuka wakautazama mlango mpaka alipomaliza.

"Kesho tunaenda kliniki," mama alisema. "Sisi watatu."

"Wakijua watanifungia hospitali. Bekari itakufa. Acha nimeze zote kuanzia leo, mfululizo, nifidie..."

"Kesho," mama alisema. "Na utasema mwenyewe, kwa mdomo wako."

*

Kliniki ya kifua ilikuwa na madirisha mapana yasiyofungwa kamwe. Wagonjwa walisubiri kwenye mabenchi ya nje, kila mmoja na barakoa. Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya chini. Watu walimwita Dada wa Kifua, hata wazee waliomzidi umri. Alizoea.

Alimpima Kitinda uzito. Alitazama mizani, akatazama kadi, akatazama mizani tena.

"Amepungua kilo moja na nusu," alisema.

"Lakini alimaliza kinga!" mama alisema. "Nilimpa mimi mwenyewe. Hakuruka hata siku moja."

"Najua, mama. Imeandikwa hapa." Dada wa Kifua aliifunga kadi. Kisha alimgeukia mwokaji. "Na wewe unakohoa tena."

"Kidogo."

"Dawa unameza kila siku?"

Mwokaji aliitazama sakafu. Alihisi macho ya mkewe kwenye shavu lake. "Kila siku," alisema.

"Vizuri. Leo umemeza?"

"Nimemeza."

"Mkojo wako wa asubuhi ulikuwa na rangi gani?"

Mwokaji alishtuka. "Ya kawaida."

"Kawaida ipi?"

"Kama ya watu wote, dada yangu. Mkojo ni mkojo."

Dada wa Kifua aliweka kalamu chini. "Moja kati ya dawa zako inapaka mkojo rangi ya chungwa. Ukiimeza asubuhi, unaiona siku hiyo hiyo. Mtu anayemeza kila siku hawezi kuniambia mkojo ni mkojo."

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mwokaji angependa afokewe.

Kitinda alikohoa, akajikunja kwenye mapaja ya mama yake. Mama alifungua mkoba, akatoa kopo la hamira. Alilishika tu mkononi, akisubiri.

"Siku arobaini na moja," mwokaji alisema. "Sikumeza siku arobaini na moja. Leo ilikuwa siku ya kupumzika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

"Yangu mimi?"

"Siku ya kwanza uliniambia: hizi dawa ukizichezea, utapata usugu. Nikaenda nyumbani nikatazama mikono yangu." Aliinyoosha mezani. "Sugu ninaijua. Kitu kikikugusa kila siku, mwili unakakamaa, hausikii tena. Nikasema, basi hata dawa ni hivyo hivyo. Nikawa naupumzisha mwili, ili dawa ikirudi iukute laini."

Dada wa Kifua alivua miwani. Aliitazama ile mikono kwa muda mrefu.

"Nilisema 'utapata usugu'?"

"Maneno hayo hayo."

"Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiyasema hivyo," alisema polepole. "Sikuwahi kumuuliza mtu amesikia nini."

Alivaa miwani tena, akasogeza kiti.

"Baba Kitinda, mwili wako hauoti sugu kwa dawa hizi. Hata ukizimeza mwaka mzima. Vinavyokuwa sugu ni vijidudu."

"Basi na vyenyewe nilivipa mapumziko. Visizoee."

"Hapo ndipo mikono yako inakudanganya. Mkono ni ule ule mmoja, leo laini, kesho mgumu. Kijidudu hakifanyi hivyo. Kijidudu hakizoei kitu. Kinakufa, au hakifi." Alifikiri kidogo. "Bekari yenu ina mende?"

Mwokaji alimtazama mkewe. "Swali gani hilo?"

"Mimi si mkaguzi."

"Wapo. Wachache."

"Wachache!" mkewe alisema.

"Haya, wapo. Tunapuliza dawa. Ile ya zamani siku hizi wanaiona kama marashi. Wameizoea."

"Mende unayemwona leo ndiye yule uliyempulizia miaka mitatu iliyopita?"

"Wapi! Yule alishakufa zamani. Hawa ni vitukuu."

"Vitukuu vya nani? Vya wale waliokufa kwa dawa?"

"Waliokufa hawakuzaa," mwokaji alisema. "Hawa ni wa ukoo wa wale walionusurika."

"Na walionusurika, nani aliwafundisha kuishi na dawa?"

"Hakuna. Labda walizaliwa hivyo."

"Walizaliwa hivyo. Wachache sana, kwa bahati tu. Dawa ikawaondoa wenzao wote, wakabaki wao na jiko lote. Sasa sikiliza. Ndani ya kifua kinachoumwa mna vijidudu mamilioni kwa mamilioni. Kila kimoja kinazaa kwa kujinakili. Nakala haziwi sawa zote. Moja katika mamilioni inatoka na kosa dogo, na mara chache kosa lile linafanya dawa fulani isiiue nakala hiyo. Ndiyo maana tunatoa dawa nne kwa pamoja. Kinachoponyoka ya kwanza kinakutana na ya pili. Zikimezwa kila siku, hakuna kinachopata nafasi ya kuzaa."

"Na mimi nikavipa wiki nzima."

"Wiki ya dawa uliua vilivyo dhaifu. Wiki ya mapumziko vilivyobaki vilizaa. Ukarudi, ukaua tena vilivyo dhaifu. Vikazaa tena vilivyobaki. Ulikuwa unachagua, Baba Kitinda. Kila mzunguko unachagua vilivyo vigumu."

Mwokaji alivuta mikono yake kutoka mezani. Kisha alisema, kwa sauti ndogo, kana kwamba anaongea na Bonge kazini: "Ni kama chachu. Jioni tunabakiza donge moja kwenye beseni. Kesho yake unga wote unaumuka kwa donge lile. Ukibakiza donge chungu, mikate yote inakuwa michungu."

"Ni hivyo. Kilichobaki ndicho kinachokuwa wazazi wa kesho. Wataalamu wanaita hali hiyo mageuzi ya viumbe. Watu wengi wanadhani ni habari za mifupa ya kale iliyofukiwa ardhini. Lakini yanatokea hata ndani ya kifua cha mtu, katika miezi mitano."

Mama alikuwa hasikilizi tena habari za mende. Alikuwa ameshafika mbele. "Mwanangu je?" aliuliza. "Kama amepata vile vilivyobaki?"

Dada wa Kifua hakuficha. "Ndicho ninachotaka kujua. Ile kinga aliyomaliza inazuia vijidudu vya kawaida. Kama vya baba yake vimebadilika, kinga haikuwa na kazi. Na dawa za kawaida hazitamponya."

Mwokaji alipewa kikopo cha makohozi. Mama alipewa kikopo kingine.

"Niletee choo cha mtoto kesho asubuhi," Dada wa Kifua alisema.

"Choo? Kikohozi cha kifuani mnakitafuta chooni?"

"Watoto wadogo hawajui kutema, mama. Wanameza makohozi. Yanatokea kulekule."

*

Walitakiwa kurudi kuchukua majibu baada ya siku mbili. Siku hizo mbili mwokaji hakwenda kazini. Alivaa barakoa, akakaa uani chini ya kamba ya nguo. Kitinda alimpungia mkono kutoka dirishani. Alitaka kwenda kukaa naye. Alikatazwa, akalia, na kulia kukaleta kikohozi.

Bonge alikuja kuuliza kulikoni. Mwokaji alimsimamisha langoni.

"Usikaribie. Huenda kifua changu kimerudi, na huenda ni kile kibaya. Na wewe inabidi ukapimwe."

Bonge alimkodolea macho. "Mimi?"

"Tumefanya kazi chumba kimoja. Nilikuwa naruka dawa. Sikukwambia. Uliponiuliza nikakuambia ni vumbi."

Bonge alisimama, mikono kiunoni. Uso wake ulibadilika mara tatu. "Mimi nina watoto watatu," alisema.

"Najua."

"Unajua, halafu unaniambia vumbi." Aligeuka, akaondoka hatua kumi. Kisha akarudi hatua tano. "Hiyo kliniki inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitakwenda. Nikitoka nitafungua bekari. Lakini usidhani tumemaliza, bwana. Nitakutukana ukipona."

Siku ya majibu Kitinda hakuweza kutembea mpaka kliniki. Mama alimbeba mgongoni. Njia nzima alihisi joto la mtoto likipita kwenye kitenge. Mwokaji alitembea nyuma yao hatua kadhaa, kama alivyoagizwa.

Dada wa Kifua alikuwa na karatasi mbili. Alianza na ya baba.

"Vijidudu vimeonekana kwenye makohozi yako. Na mashine ya kupimia inasema ile dawa inayopaka mkojo rangi haiviui tena."

Mwokaji aliinamisha kichwa. "Na mtoto?"

"Vimeonekana kwake pia. Lakini ni vichache mno. Mashine imeshindwa kusema kama ni vya kawaida au vya aina yako."

"Basi tuombe ni vya kawaida," mama alisema haraka.

"Hatuwezi kutibu kwa kuomba, mama. Maabara kubwa inaweza kuviotesha, ivisome kwa makini. Inachukua wiki sita, pengine nane. Mtoto wa hali hii hawezi kusubiri wiki nane. Daktari anatakiwa kuchagua leo."

Mama alimpakata Kitinda kwa nguvu. "Akikosea?"

"Akimpa dawa za kawaida na vijidudu vikawa vigumu, ugonjwa utaendelea huku tukidhani anatibiwa. Akimpa zile kali na havikuwa vigumu, mtoto atasumbuka bila sababu. Kilichomsaidia kuamua ni lile kopo lenu." Alimtazama mwokaji. "Kinga ya mtoto ilikwisha wakati ambao wewe ulikuwa umeanza mapumziko. Kikohozi chake kimeanza baada ya hapo. Kwa hiyo Daktari anaamini vyake vimetoka kwenye vilivyobaki kwako. Mtaanza dawa mpya nyote wawili, leo. Miezi tisa. Kama ungeshikilia kuniambia kwamba unameza kila siku, sasa hivi tungekuwa tunampa mtoto dawa zisizofaa."

Mwokaji hakuona fahari yoyote katika maneno hayo.

*

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Dawa ya Kitinda iliyeyushwa kwenye maji, na ilikuwa chungu. Aliitema. Aliificha shavuni, akaitemea kwenye kiatu cha mama. Alijifunza kufumba mdomo mpaka midomo ikapotea. Akishameza, mara nyingine alitapika, na mama alikimbia na kadi mpaka kliniki kuuliza arudie au asirudie.

Mwokaji aliharisha, akasikia ganzi miguuni, akaeleza kila kitu. Safari hii hakupanga mpango wake. Alimeza mbele ya mkewe, akafungua mdomo kuonyesha, kama mtoto.

Mwisho wa mwezi Kitinda alipanda kwenye mizani. Alikuwa amepungua tena, robo kilo.

Mama hakulia pale. Alilia nje, nyuma ya mabenchi, na Dada wa Kifua akamfuata.

"Dada yangu mkubwa alikufa kwa saratani ya titi," mama alisema. "Dawa zilimsaidia mwanzo. Uvimbe ukanywea, tukafurahi. Halafu ukarudi, na dawa zilezile hazikuugusa. Nilimlaumu. Nilidhani alikuwa anaruka dozi, ila hakutaka kusema. Sasa namtazama huyu mtoto. Anameza zote, na bado anapungua."

Dada wa Kifua aliketi kando yake. "Dada yako huenda hakuruka hata moja. Saratani ni seli za mwili wenyewe zinazozaa bila kukoma. Nazo hazijinakili sawasawa. Uvimbe mmoja una seli za aina nyingi. Dawa ikiua nyingi, zinaweza kubaki chache zisizouawa, zikazaa upya. Hilo linatokea hata kwa mgonjwa anayefuata kila agizo. Ndiyo maana watafiti wa saratani na watafiti wa vijidudu siku hizi wanajifunza kutoka kwa wenzao. Wanatafuta namna ya kujua kitakachobaki kabla hakijabaki."

Mama alifuta macho. "Kwa hiyo nilimwonea."

"Ulikuwa hujui."

"Na huyu wangu?"

"Huyu wako mwezi wa kwanza ni mapema mno kusema. Umpe leo. Kesho umpe tena."

Bonge alipimwa yeye na watoto wake. Walionekana wazima, wakawekwa kwenye orodha ya kufuatiliwa. Alifungua bekari kila siku. Alichoma trei mbili za mikate na vidole vyote kumi, na aliwaeleza wateja wote kwamba shida zake zina jina na anwani.

Wiki ya saba mtafiti alikuja kliniki kutoka maabara kubwa. Alikuwa kijana mwenye mkoba wa mgongoni. Mwokaji alikuwa ameweka sahihi kuruhusu makohozi yake yasomwe, yale ya siku ya kwanza kabisa yaliyohifadhiwa kwenye baridi, na yale aliyotoa kikohozi kiliporudi. Vijidudu vya Kitinda navyo vilikuwa vimeota.

"Ndani ya kila kijidudu mna maelekezo ya kukitengeneza," mtafiti alieleza. "Ni kama maandishi marefu sana. Sisi tunasoma herufi moja moja. Vijidudu vyako vya siku ya kwanza havikuwa na kosa lolote. Dawa zote zingeviua. Vya baada ya kikohozi kurudi ni ukoo uleule, ila kuna herufi moja imebadilika."

"Herufi moja?" mwokaji aliuliza. "Moja tu?"

"Moja ilitosha."

"Sikuambukizwa na mtu mwingine, basi."

"Hapana. Ilitokea ndani ya kifua chako."

Mama aliuliza swali ambalo wote walikuwa wanalikwepa. "Na vya mtoto?"

Mtafiti aliitazama karatasi, ingawa alijua kilichoandikwa. "Vya mtoto vina herufi ileile iliyobadilika. Vimetoka kwa baba yake, baada ya kubadilika." Akaongeza haraka, "Maana yake ni kwamba Daktari alichagua sawa. Dawa anazomeza ndizo zenyewe. Wiki saba hazijapotea."

Hiyo ilikuwa habari njema, na mama aliinua mikono kwa furaha. Mwokaji alitoka nje. Alisimama akiegemea ukuta, barakoa imelowa. Mkewe alimkuta hapo.

"Mimi ndiye niliyempa," alisema. "Nilikuwa nampakata jioni. Siku zile za kupumzika nilikuwa nampakata zaidi."

Mkewe hakumwambia si kosa lako. Hakumwambia ni kosa lako. "Dawa yake ni saa nane," alisema. "Leo utampa wewe. Mimi ananitemea."

Tangu siku hiyo baba ndiye aliyempa. Waliketi uani, kila mmoja na chake. Baba alimeza kwanza, akafungua mdomo, akatoa ulimi. Kitinda alikagua ndani kwa makini, hata nyuma ya meno, akisema "Bado hiki! Bado hiki!" hata pasipo na kitu. Kisha alimeza chake, ili na yeye akaguliwe. Hawakuruka Jumamosi wala Jumapili. Hawakuruka siku ya mvua wala siku ya wageni.

Mwezi wa tatu mizani ilipanda nusu kilo. Mwezi wa nne ilipanda tena. Makohozi ya baba yalipimwa, yakaoteshwa, hakuna kilichoota. Alirudi bekari, akapokewa na matusi aliyoahidiwa, yote, kwa mpangilio.

Kwenye kliniki, Dada wa Kifua alibadilisha maneno yake. Hamwambii mtu tena "utapata usugu." Anasema: "Ukiruka dawa, vijidudu vinavyobaki ndivyo vinavyozaa, na watoto wao hawataogopa dawa hii." Kisha anauliza: "Hebu niambie, umenisikia nimesema nini?" Anasubiri jibu, hata foleni ikiwa ndefu.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tisa, walikwenda wote watatu. Daktari alisikiliza kifua cha baba, akasikiliza cha mtoto, akaandika neno moja kwenye kila kadi. Wamepona. Watarudi kupimwa mara kwa mara, alisema, lakini vidonge vimekwisha.

Nje Kitinda alimvuta baba yake suruali, akachomoka mbio. Baba alimfukuza. Walizunguka mabenchi, wakapita kwenye kisima cha kliniki, wakapanda kilima kidogo kilichokuwa nyuma yake mpaka juu kabisa. Walisimama pale wakihema kwa nguvu, mikono magotini, midomo wazi.

Mama alikuwa amebaki chini na kadi mbili mkononi. Alisimama tuli, akatega sikio. Alisikia pumzi zao zikipanda na kushuka. Alisikia mtoto akianza kucheka. Alisubiri kikohozi kifuate, kama alivyokuwa amesubiri mwaka mzima.

Hakikuja.